Modemu Bubu na Lugha ya Amri: Programu Huria na Laini ya Simu, kutoka Nairobi hadi Munigi

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza kipindi kifupi katika historia ya mawasiliano ya kompyuta. Katika kipindi hicho kompyuta mpakato ziliuzwa zikiwa na modemu ndani yake, ilhali nyingi kati ya modemu hizo hazikukubali kufanya kazi chini ya mifumo endeshi huria kama vile Linux. Kipindi chenyewe kilianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kikafifia mwishoni mwa mwongo uliofuata. Kwa mtazamo wa kwanza suala hili ni la mafundi tu. Makala inatoa hoja kwamba ni suala la lugha pia: modemu ambayo lugha yake ya amri ilijulikana na watu wote iliweza kutumika popote, na ile ambayo lugha yake ilifichwa ilibaki bubu mikononi mwa mtu aliyeinunua.

Mahali pa kupimia hoja hiyo ni Munigi, katika uchifu wa Bukumu, wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma. Munigi inafaa kwa sababu ni mojawapo ya mahali ambapo programu ya bure ingekuwa na manufaa makubwa kabisa, na ambapo waya wa simu haukuwa kitu cha kutegemewa.

2.0 Modemu na Lugha Yake

Laini ya simu iliundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Hupitisha masafa yaliyo baina ya hezi 300 na 3,400 hivi, na yanayozidi hapo hukatwa. Kompyuta kwa upande wake hutoa tarakimu. Hivyo pana haja ya mkalimani wa kugeuza tarakimu kuwa sauti, kisha, upande wa pili wa laini, kugeuza sauti kuwa tarakimu. Mkalimani huyo ndiye modemu. Modemu ya Bell 103, iliyotolewa na kampuni ya AT&T ya Marekani mwaka 1962, ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kiwango cha V.34 cha mwaka 1994 kilifikia biti 28,800, na kile cha V.90 cha mwaka 1998 kilifikia biti 56,000 kwa upande wa kupokea.

Pamoja na mwendo huo wa kasi, kuna tukio jingine ambalo kwa hoja ya makala hii ni kubwa zaidi. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa modemu iliyoweza kupokea amri kutoka kwa kompyuta kwa njia ya maandishi. Kila amri ilianza na herufi AT, kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kutaka usikivu. Mtumiaji aliyeandika ATDT na kufuatisha namba aliiagiza modemu ipige simu. Aliyeandika ATH aliiagiza ikate. Watengenezaji wengine waliiga amri hizo, na baadaye zikaingizwa katika viwango vya kimataifa. Kwa istilahi ya isimujamii, amri za AT ziligeuka kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Hazikuwa nzuri wala tajiri, lakini hapakuwa na mtu aliyehitaji ruhusa ili kuzisema.

3.0 Faida ya Lugha ya Wote: Mitandao ya Kwanza ya Afrika Mashariki

Nguvu ya lugha hiyo ilionekana mapema katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika, Nairobi palikuwa na mtandao wa NGONET uliohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali, pamoja na mradi wa ESANET uliokusudia kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Mtandao wa HealthNet ulihudumia waganga. Mitandao hiyo ilitegemea utaratibu wa Fidonet, uliobuniwa mwaka 1984 na Tom Jennings wa Marekani: barua zilikusanywa katika kompyuta moja, kisha simu ikapigwa mara moja au mara chache kwa siku ili kuzituma kwa mkupuo. Kituo cha GreenNet mjini London kilikuwa lango la barua hizo kuelekea ulimwengu wa nje.

Utaratibu huo ulistahimili laini mbovu na gharama kubwa za simu za kimataifa. Uliwezekana pia kwa sababu modemu za wakati huo zilikuwa visanduku vilivyosimama peke yake kando ya kompyuta, kila kimoja kikiwa na akili yake ndani na kikisikia amri za AT. Kompyuta iliweza kuwa mpya au kuukuu, programu iliweza kuwa ya kununua au ya kupewa, modemu haikuuliza. Fundi wa Kampala aliweza kutumia kisanduku kilichotengenezwa Marekani bila kumwandikia barua mtengenezaji.

4.0 Kuzaliwa kwa Modemu Bubu

Mnamo nusu ya pili ya miaka ya 1990 watengenezaji walitafuta njia ya kupunguza bei. Modemu kamili ilikuwa na chipu mbili za msingi: moja ya kusimamia amri na moja ya kufanya hesabu za sauti. Prosesa za kompyuta zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha kufanya kazi hizo zenyewe. Basi chipu hizo ziliondolewa, moja au zote mbili, na nafasi yake ikachukuliwa na programu iliyoendeshwa ndani ya kompyuta. Kilichobaki katika modemu kilikuwa kiungo cha kupokea na kutoa mawimbi ya laini, pengine kisichozidi kadi ndogo iliyochomekwa chini ya kibodi. Kwa kompyuta mpakato, ambamo nafasi na umeme ni vitu adimu, uamuzi huo ulikuwa na mantiki.

Hata hivyo programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, na msimbo wake ulikuwa siri ya mtengenezaji. Mtu aliyeweka Linux katika kompyuta ya namna hiyo alikuta skrini, kibodi na diski vikifanya kazi, lakini modemu haikujibu. Amri za AT zilipotumwa hapakuwa na wa kuzisikia, kwa maana sikio lenyewe lilikuwa programu, na programu haikuwapo.

Hapa ndipo kitendawili kilipojitokeza. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na kujengwa juu ya kazi ya mradi wa GNU ulioasisiwa na Richard Stallman mwaka 1983, ilikuwa mali ya watu wote. Iliweza kunakiliwa bila malipo, na hadi mwaka 2011 mradi wa Ubuntu ulituma diski zake kwa posta bila kudai hata nauli. Kwa mtu asiye na fedha za leseni hiyo ilikuwa neema. Lakini kiendeshi cha modemu, kama kilikuwapo, kilipatikana katika intaneti. Na intaneti ilifikiwa kwa modemu. Aliyekuwa na laini ya pili au rafiki mjini aliweza kuvuka kikwazo hicho. Asiyekuwa navyo alibaki na kompyuta huru isiyoweza kusema na mtu.

5.0 Njia Tatu za Kutafuta Ulimi

Wapenzi wa programu huria hawakukaa kimya. Juhudi zao zinaweza kugawanywa katika njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuandika upya kila kitu kwa uwazi. Fabrice Bellard wa Ufaransa alianzisha mradi wa modemu huria ambao ungefanya hesabu zote za sauti kwa msimbo unaosomeka. Kazi ilikuwa ngumu mno, kwani viwango vya V.34 na V.90 vinahitaji hesabu nzito zisizovumilia kuchelewa, na kila aina ya chipu ilikuwa na tabia zake zisizoandikwa mahali. Mradi haukufikia kuwa badala ya viendeshi vya siri kwa mtumiaji wa kawaida.

Njia ya pili ilikuwa ya suluhu. Kwa modemu za Lucent na za Smart Link kulikuwa na viendeshi vya nusu kwa nusu: ganda la nje lilikuwa wazi na liliweza kurekebishwa kila kiini cha Linux kilipobadilika, lakini moyo wa kiendeshi ulibaki faili lisilosomeka. Mtumiaji alilazimika kulijenga ganda hilo upya katika kompyuta yake mwenyewe, kazi iliyohitaji vifaa na maarifa ambayo mwanagenzi hakuwa nayo. Hata alipofaulu, kiini kilijitia alama ya kuwa "kimechafuliwa", yaani kimepokea kitu ambacho wasanifu wake hawawezi kukikagua.

Njia ya tatu ilikuwa ya biashara. Kampuni ya Linuxant ya Kanada ilitoa viendeshi vya modemu za Conexant. Toleo la bure lilikwenda kwa biti 14,400 kwa sekunde tu, na aliyetaka mwendo kamili alilipa. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilizua mjadala ambao mwanaisimu hana budi kuutazama kwa makini. Kila sehemu inayoingia katika kiini cha Linux hutangaza leseni yake kwa maandishi. Linuxant iliandika jina la leseni huria ya GPL, ikaweka baada yake alama ya kukomesha maandishi, kisha ikaendelea kueleza kwamba leseni hiyo ilihusu mafaili fulani tu. Kiini kilisoma mpaka kwenye alama, kikaridhika. Binadamu aliyesoma sentensi nzima alipata maana nyingine. Kampuni ilieleza kuwa nia yake ilikuwa kuzuia maonyo yaliyowatatiza wateja. Vyovyote iwavyo, tukio hilo linaonyesha jinsi mgogoro wa modemu ulivyokuwa umefikia mahali pa kubishania nani anasoma sentensi na anaishia wapi.

6.0 Munigi: Kijiji Kisicho na Waya

Je, historia hiyo iligusaje Munigi? Katika Kongo nzima mtandao wa waya wa shirika la serikali la posta na simu ulikuwa umechakaa tangu enzi za Zaire. Ndiyo sababu Kinshasa ilijipatia simu za mkononi za Telecel mapema, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, zikiwa za matajiri na wakuu wa serikali. Mashariki hali iliongezewa uzito na vita. Mwaka 1994 Munigi ilikuwa mojawapo ya mahali palipofurika wakimbizi kutoka Rwanda na kupigwa na kipindupindu. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2003 Goma ilikuwa makao ya waasi wa RCD. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Nyufa ziliteremka hadi karibu na Munigi, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwa Kivu, ikifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi.

Katika mazingira hayo, tundu la simu lililo ubavuni mwa kompyuta mpakato lilikuwa pambo. Mtumiaji wa Linux alikuwa na vikwazo viwili vilivyopangana: modemu isiyo na ulimi, na nyuma yake ukuta usio na waya. Kushinda cha kwanza hakukumfikisha popote. Wenye uwezo, hasa mashirika ya misaada, walitumia antena za setilaiti.

Ufumbuzi wa wengi ulitoka upande mwingine. Kampuni ya MTN Rwandacell ilianza kazi Rwanda mwaka 1998, na mawimbi yake hayakusimama mpakani Gisenyi. Kampuni za Kongo zenyewe zilifuata. Simu hizo za GSM zilikuwa na sifa moja ambayo haikutangazwa sana: ndani ya nyingi kati yake mlikuwa na modemu kamili, na modemu hiyo ilisema AT. Wasanifu wa viwango vya GSM barani Ulaya walikuwa wamezichukua amri za mwaka 1981 na kuzipanua. Simu iliyounganishwa kwa waya na kompyuta ilipokea ATDT kama kisanduku cha zamani, ikapitisha biti 9,600 kwa sekunde; na huduma ya GPRS ilipofika, namba ya kupiga ikawa *99# katika mitandao mingi. Linux haikuhitaji siri ya mtu. Programu zilezile zilizopiga simu kwa modemu za kale ziliweza kupiga kwa simu ya mkononi.

Hata vijiti vya modemu vya USB, kama E220 ya Huawei, viliingia katika utaratibu huo. Kijiti kilipochomekwa kilijifanya kwanza kuwa diski yenye viendeshi vya Windows. Wanaprogramu huria wakaandika chombo kidogo cha kukiamuru kibadilike. Kikishabadilika, nacho kilisema AT.

7.0 Hitimisho

Wataalamu wa Kiswahili wanaikumbuka Desemba 2004 kwa sababu ya Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ambayo iliiweka menyu ya programu za ofisi katika Kiswahili. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini historia ya modemu inafundisha kwamba lugha ya skrini ni nusu ya jambo. Mtu aweza kuandika barua kwa Kiswahili safi katika programu ya Kiswahili, na barua hiyo isitoke chumbani kwa sababu chipu moja inasema lugha aliyofichwa.

Amri za AT hazikuwa za Kiswahili, wala za Kifaransa kinachofundishwa katika shule za Goma. Zilikuwa vipande vya Kiingereza. Hata hivyo zilimtumikia mkazi wa Munigi kuliko kiendeshi chochote cha siri, kwa kuwa zilikuwa wazi. Kwa hiyo wanaopanga sera ya lugha katika kompyuta wanapaswa kuuliza maswali mawili badala ya moja: mashine inasema nasi kwa lugha gani, na je, lugha ambayo mashine zinasemezana zenyewe tumeruhusiwa kuijua? Swali la pili halionekani kwenye skrini, na kwa miaka zaidi ya kumi ndilo lililoamua nani apate laini na nani akose.