Vivumishi ambatani vya Kiingereza: silabi na mkazo

Vivumishi ambatani vya Kiingereza huundwa kwa kuunganisha maneno mawili au zaidi, mara nyingi kwa kistari. Silabi hukatwa kwanza kwenye kiungo, kisha ndani ya kila neno: *absent-minded* ina silabi nne, ab-sent-mind-ed. Kwa kawaida kiishio -ed huwa silabi kamili baada ya sauti t au d tu. Hivyo *short-sighted* ina silabi tatu na *blue-eyed* mbili.

Katika vile vinavyoishia na -ed, mkazo mkuu kwa kawaida huwa kwenye sehemu ya pili, *old-FASHioned*. Kivumishi kikitangulia nomino, mkazo husogea mbele: *an OLD-fashioned dress*. *Homesick* hubaki na mkazo mwanzoni. Kiswahili, kinyume chake, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.