Kura ya Mpakani: Waliolazimishwa, Waliozuiwa na Waliokaa Nyumbani

Machi 12, 2001, Waganda walipokwenda kumchagua rais, mmoja wa wagombea alikuwa Aggrey Awori, mbunge wa Samia Bugwe Kaskazini na mkimbiaji wa zamani wa kuruka viunzi aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiki za 1960 na 1964. Alishika nafasi ya tatu, mbali sana nyuma ya Yoweri Museveni na Kizza Besigye. Upande huu wa mpaka, ndugu yake Moody Awori alikuwa amekalia kiti cha Funyula katika Bunge la Kenya tangu miaka ya themanini. Mwaka 2003, baada ya kifo cha Michael Kijana Wamalwa, Moody akateuliwa Makamu wa Rais wa Kenya. Nairobi na Kampala watu waliisimulia habari hiyo kama kioja. Kwa Wasamia ilikuwa habari ya ukoo uliokatwa katikati na mpaka, na koo za aina hiyo ni nyingi kutoka Port Victoria hadi Malaba.

Nauanza mjadala wa kura ya lazima kwa akina Awori makusudi. Kila uchaguzi ukipita na watu wakajitokeza wachache, haikosi sauti inayotaka sheria ya kumlazimisha kila mtu mzima apige kura. Baada ya Agosti 2022, waliposhiriki takriban asilimia 65 ya wapiga kura milioni 22 walioandikishwa, wazo hilo lilirudi mezani. Ni wazo la watu waungwana, na mara nyingi hutolewa na watu wanaoishi mbali na mpaka. Ukilileta Busia, kabla hujauliza nani alazimishwe kupiga kura, itakubidi kwanza ueleze huyo ni raia wa wapi, amejuaje, na nani kamwandika.

Hadi 1902 swali hilo halikuwapo. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikuwa umenyooshwa hadi karibu na Naivasha, na Wateso, Wasamia na Wakhayo walikuwa ndani yake wote. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa huo na kuuunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari ukahamia kwenye mito ya Sio na Malaba. Hakuna aliyeupigia kura uamuzi huo. Mteso wa Amagoro akawa chini ya gavana mmoja, shemeji yake wa Tororo chini ya mwingine, na wote wawili wakaendelea kuvuka mto kwenda matangani bila kuomba ruhusa.

Kura yenyewe ilifika Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Ilikuja imechujwa. Kwa utaratibu uliotokana na ripoti ya Walter Coutts, mtu aliandikishwa kwa kigezo cha elimu, mapato au mali, utumishi wa miaka mingi na mengineyo ya namna hiyo, na aliyekusanya vigezo vingi aliruhusiwa kupiga hadi kura tatu. Fikiria mwalimu wa misheni mwenye kura tatu na jirani yake mvuvi wa Bunyala asiye na hata moja. Katika jimbo la Nyanza ya Kaskazini, Masinde Muliro alimshinda W.W.W. Awori, mwanahabari na mjumbe aliyekuwa ameketi kwa uteuzi wa serikali. Naam, huyo naye ni wa ukoo uleule. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumlazimisha mtu kupiga kura. Hofu yake ilikuwa kwamba wangekuja wengi mno.

Hofu hiyo haikuondoka na bendera. Mei 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura yake moja, lakini kufikia 1969 kilikuwa kimebaki chama kimoja, na 1982 kifungu cha 2A cha katiba kikaufanya ukiritimba wa KANU kuwa sheria ya nchi. Uchaguzi uliendelea kufanyika, tena wakati mwingine ulikuwa na joto la kweli. Mwaka 1974 watu wa Samia walimpeleka bungeni Julia Ojiambo, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri msaidizi nchini. Pamoja na hayo, hakuna kipindi Kenya iliikaribia siasa ya lazima kuliko miaka ya themanini. Sheria haikusema kwamba usipopiga kura utatozwa faini. Kilichokuwapo ni kadi ya chama. Vijana wa KANU walisimama kwenye milango ya masoko na vituo vya magari wakiidai, na mchuuzi asiye nayo alijua bidhaa zake zingelala nje. Kwa mji kama Busia, ulioishi kwa soko na kwa mizigo inayovuka, kumfungia mtu soko ni kumfungia chungu.

Kadi hiyo ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia kwenye mlolongo. Katika mchujo wa KANU wa Februari 1988, kura ya siri iliwekwa kando. Wanachama walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wanayemtaka, hadharani, chifu akiwaona, mwajiri akiwaona, na aliyewakopesha mbegu akiwaona. Mgombea aliyetangazwa kupata asilimia 70 ya foleni alipita bila kupingwa, hata debe la Machi lisifike kwake. Nchi nzima ilijaa visa vya mistari mifupi iliyotangazwa kuishinda mirefu. Wanaosema kura ya lazima ingeongeza sauti ya wananchi wanafaa kukumbuka kwamba tulishawahi kuwa na upigaji kura ambao kutokuonekana kwako uwanjani kulitosha kukutia mashakani, na sauti haikuongezeka.

Sura iliyofuata ya kisa hicho iliandikwa Busia, na kwa damu. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Kianglikana, dayosisi ya Eldoret, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioupinga mlolongo tangu ulipopendekezwa. Agosti 1990, Peter Habenga Okondo, Waziri wa Leba na mwanasiasa wa Bunyala, alimwonya hadharani asikanyage Busia, akidokeza kwamba huenda asitoke hai. Muge alikwenda. Agosti 14 alihubiria umati mjini Busia, kisha akiwa njiani kurudi Eldoret gari lake liligongana na lori karibu na Turbo, akafa papo hapo. Okondo alijiuzulu. Mpaka leo wako wasioamini kwamba ile ilikuwa ajali tu. Desemba mwaka huohuo, wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani waliukubali mwisho wa mlolongo. Mwaka mmoja baadaye Bunge lilikifuta kifungu cha 2A, na Mwanasheria Mkuu wa wakati huo alikuwa Amos Wako, mzaliwa wa Busia ambaye baadaye angekuwa seneta wa kwanza wa kaunti hiyo.

Nayataja haya kwa kirefu kwa sababu Katiba ya 2010 haisomeki vizuri bila hayo. Ibara ya 38 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya siri, na sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayemtisha mwenzake ili apige kura, sawasawa na anayemtisha asipige. Waliokuwa uwanjani mwaka 1988 wanajua maneno hayo yalimlenga nani.

Kuhusu miaka ya tisini sina mengi: vyama vilirudi, pesa zikarudi navyo, na malalamiko kwamba kuna wapiga kura wanaovushwa kutoka ng'ambo yakawa wimbo wa kila msimu. Wanasiasa wanaoshindwa huupenda sana wimbo huo. Mengine ni kweli, lakini mengine ni kutofahamu tu kwamba Mkenya wa Malaba anaweza kuwa amepanga chumba upande wa Uganda kwa kuwa kodi ni nafuu, akavuka asubuhi kwa miguu kuja kupiga kura yake halali. Tangu Kenya iukubali uraia pacha mwaka 2010, na Uganda ikiwa imeshatangulia kuukubali, hata mwenye vitambulisho viwili si lazima awe mdanganyifu. Mashine za alama za vidole zilizoanza kutumika kuandikisha wapiga kura mwishoni mwa 2012 zinamtambua aliyejiandikisha mara mbili ndani ya Kenya. Sajili ya Uganda haziijui.

Kisha ikaja Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa na nchi ikawaka, mpaka huu ukawa mlango wa kukimbilia. Maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba na magodoro kichwani, wengi wakapokelewa katika kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Trela za mafuta zilikwama, na bei ya petroli Kampala ikapaa. Ungetarajia watu walioona hayo wasiliguse tena debe. Ilikuwa kinyume. Uchaguzi uliofuata, Machi 2013, Wakenya walijitokeza kwa takriban asilimia 86, na hakuna askari aliyemgongea mtu mlango. Watu walipanga foleni tangu usiku kwa kuwa waliamini kuna kitu cha kupoteza na kuna kitu cha kupata.

Idadi hiyo niiweke kando ya nyingine. Agosti 8, 2017, waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 80. Septemba 1, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaubatilisha uchaguzi wa urais. Raila Odinga, mgombea wa muungano wa upinzani wa NASA, akajiondoa kwenye marudio, akawataka wafuasi wake wasusie, na Oktoba 26 kiwango kitaifa kikaporomoka hadi asilimia 39 hivi. Busia, ngome ya NASA, wengi walikaa nyumbani. Hawakuwa wavivu, maana miezi miwili na nusu nyuma walikuwa wamesimama kwenye foleni zilezile. Kukaa kwao nyumbani kulikuwa msimamo wa kisiasa, na kila aliyesoma matokeo aliuelewa. Sasa chukua sheria ya kura ya lazima uiweke juu ya siku hiyo: msimamo unageuka kosa la jinai, na chifu anapata orodha ya wakosaji wa kijiji kizima. Kwangu mimi hoja ya lazima inaishia hapo, hata kama kesho wangeileta ikiwa imevikwa nia njema.

Hata hivyo, haki itendeke kwa wanaoitetea, kwa sababu wana mfano mmoja usiopuuzika. Ubelgiji ilianza kulazimisha kura 1893. Australia ilifuata 1924, baada ya uchaguzi wa 1922 ambao haukufikisha hata asilimia 60 ya washiriki, na uliofuata, wa 1925, ukapita asilimia 90. Faini yake leo ni dola 20, fedha za kumkera mtu tu. Kinachosahauliwa tunapoutaja mfano huo ni kwamba nchi ile, ilipomtwisha mwananchi wajibu, nayo serikali ilijitwisha wake. Yuko safarini? Kuna kura ya posta. Atakuwa na shughuli siku ile? Vituo vya mapema viko wazi. Lazima ya pande mbili namna hiyo ningeifikiria mara mbili.

Kwetu upande wa pili wa lazima haupo. Kwa miaka mingi kijana wa kaunti za mpakani alipoomba kitambulisho alipitishwa kwenye kamati ya kumsaili, aulizwe babu yake alizikwa wapi, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri hakuulizwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo, na pale Amagoro mzazi mwenye watoto watatu waliokwisha kupita miaka kumi na minane ataupima uamuzi huo kwa idadi ya kadi zitakazofika nyumbani kwake. Bila kitambulisho au pasipoti huandikishwi. Usipoandikishwa, ile faini ya kutopiga kura ingekufuata kwa jina lipi?

Wako pia madereva. Malaba huishi kwa trela zinazotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba, na Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi ujao, zitakuwapo barabarani kama kawaida. Sheria inataka mtu apige kura kwenye kituo alichojiandikisha, na hakuna kura ya posta. Dereva aliyejiandikisha Changamwe akipambazukiwa kwenye foleni ya forodha Malaba, kura yake imekwenda, japo yuko ndani ya Kenya, amebeba kitambulisho cha Kenya, na kutoka kwenye usukani wake anawaona wenzake wakiingia kituoni. Mkenya aliyejiandikisha Kampala, kwa upande wake, tangu 2013 ametengewa debe la urais.