Mikono ya Jirani: Namna Watu wa Lubumbashi Walivyojijengea Nyumba

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kama mji wa Lubumbashi ulijengwa na kampuni na Serikali ya Wabelgiji. Ni kweli, lakini kwa upande mmoja tu. Avenue pana za katikati ya mji, posta, hospitali na kambi za wafanyakazi, hizo ziliwekwa na wakubwa. Lakini sehemu kubwa ya mji, ile wengi wetu tunamolala, ilijengwa na watu wenyewe, tofali kwa tofali, kiangazi kwa kiangazi. Hiyo nayo ni desturi yetu, sawa vile ngoma na ndoa ni desturi. Katika kurasa hizi tunataka kueleza desturi hiyo ilitoka wapi, ilifaulu namna gani, na juu ya nini leo inaanza kutushinda.

1. Kazi ya kijiji

Katika vijiji vya Katanga mtu hakujenga nyumba peke yake. Mwenye kutaka nyumba alionyeshwa fasi na mkubwa wa kijiji, kisha aliita ndugu na majirani. Wanaume walikata miti na kusimamisha nguzo. Wanawake na watoto walileta nyasi na maji, na walipaka kuta udongo. Mwenyeji alitayarisha chakula na munkoyo ao pombe ya nafaka. Hapakuwa mshahara. Deni lilikuwa moja tu: kesho jirani akijenga, nawe utapeleka mikono yako.

Nyumba ya miti na nyasi haikudumu miaka mingi, kwa hiyo kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara, na kila mtu aliijua tangu utoto. Tuangalie vizuri mambo matatu yaliyokutana pale: fasi iliyokwisha kuonyeshwa, vifaa vilivyopatikana karibu, na mikono ya wengi. Historia yote ya nyumba za watu wadogo katika mji wetu ni historia ya mambo hayo matatu. Yalipokutana, watu walipata nyumba. Moja lilipokosekana, tabu ilianza.

2. Nyumba ya kazi na nyumba ya cité

Mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uleule reli ilifika toka kusini. Mwaka 1911 tanuru ya shaba ya Union Minière ilianza kuwaka. Wafanyakazi walitoka Luapula na Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Hapo mwanzo walikuja kwa muda mfupi, na wengi waliacha wake zao nyumbani. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia: ilianza kutaka mfanyakazi akae na mke na watoto. Kambini alipata nyumba ya ukuta imara, posho, zahanati na masomo ya watoto.

Lakini nyumba ile ilifuata kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudishwa. Mzee aliyefanya miaka 25 kiwandani alitoka kambini bila hata tofali moja la kwake.

Wengine, kama makalani, boyi, washonaji, maseremala na wachuuzi, waliishi nje ya kambi, katika cité. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 cité hiyo iliwekwa fasi mpya, mbali kidogo na mji wa wazungu, na katikati uliachwa ukanda mtupu wa kuwatenga watu. Iliitwa Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Kisha ikaja Kenya. Amri ya mwaka 1931 iliunda zile zilizoitwa centre extra-coutumier, na ya Élisabethville ilianza mwaka 1932, yenye chifu, baraza na tribinali yake.

Katika cité mtu alipewa parseli, naye akajenga. Na hapa udongo wetu wenyewe ulisaidia. Inchi ya Katanga ina vichuguu vikubwa, vingine virefu kupita nyumba. Udongo wake unashikamana, haupasuki ovyo, na unafaa sana kwa matofali. Watu walichimba kichuguu kilicho karibu, wakakanyaga udongo na maji, wakaupiga katika kalibu ya mbao, wakauanika, kisha wakapanga tanuru na kulichoma kwa kuni. Kazi hiyo yote ni ya wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, mbele ya mvua kurudi. Wengi hawakuwa na feza ya kuchoma. Walijenga na tofali bichi na kulifunika vizuri kwa manjanja. Na aliyepiga matofali hakuwa peke yake: ndugu na watu wa lugha moja walikuja siku ya mapumziko, na munkoyo ulikuwa tayari. Desturi ya kijiji iliingia mjini namna hiyo.

3. Mfano wa Katuba

Baada ya vita ya 1940-1945 watu waliongezeka sana mjini, na chumba kimoja kilibeba jamaa mbili. Serikali ya koloni ilitunga mpango wa miaka kumi, 1949-1959. Mwaka 1952 iliunda Office des Cités Africaines, ofisi iliyojenga nyumba nyingi zilizokwisha tayari katika miji mbalimbali. Watu wa Bukavu wanaijua kwa kartiye ya Bagira. Baada ya safari ya mfalme Baudouin ya mwaka 1955 likaja pia Fonds du Roi, mfuko wa kusaidia watu kupata nyumba.

Katuba ilifuata njia nyingine, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu waliiita système Grévisse, kwa jina la Ferdinand Grévisse, mtawala aliyeandika kitabu juu ya cité yetu mwaka 1951. Msingi wake ni rahisi kueleza. Serikali ilipima barabara na parseli kwanza. Kisha ilisaidia mwenyeji kupata vifaa kwa deni. Kazi ya kujenga ilibaki kwake, kwa jamaa yake na kwa wale aliowaita.

Hatutaki kusifu koloni. Mtu mweusi hakuchagua fasi ya kukaa; alihitaji kibali cha kuishi mjini, na wakubwa waliweza kumrudisha kijijini. Tena, mawazo ya mikono mingi hayakutoka ofisini: yalikuwa ya watu tangu zamani. Lakini tuseme ukweli. Kule Katuba mambo matatu yalikutana tena: fasi iliyopimwa, vifaa, na mikono. Njo maana mpaka leo avenue za Katuba ya zamani zimenyooka, gari linapita, na jirani anajua mpaka wa parseli yake.

4. Mikono ilibaki peke yake

Baada ya uhuru wa 1960 vibali vya koloni viliisha, na vita ya wakati wa kujitenga kwa Katanga, 1960-1963, ilitawanya watu wengi. Mji uliopata jina la Lubumbashi mwaka 1966 ulipanuka kila upande. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema kama udongo wote ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Lakini Serikali hiyo yenye udongo haikuendelea kuupima kwa mwendo ule watu walivyoongezeka. Kule Kalebuka, kule Kasapa na fasi zingine za komini Annexe, mara nyingi watu walifika kwanza, barabara ikafuata, ao haikufuata kabisa.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa départs volontaires. Wale waliozoea nyumba inayofuata kazi waliona uzito wa neno hilo. Baada ya Kanuni ya Madini ya 2002 kampuni mpya ziliingia, na parseli zikapanda bei.

Watu walifanya nini? Walirudi kwa desturi, lakini kwa sura mpya. Munkoyo hautoshi tena kulipa fundi, basi likelemba ikachukua nafasi yake. Tuseme watu 12 wanatoa dola 20 kila mwezi: kila mwezi mmoja wao anapokea 240, na katika mwaka kila mtu amefikiwa. Huyu ananunua manjanja, yule simiti, mwingine milango. Vikundi vingine havipeani feza, vinapeana mifuko ya simiti, juu feza inaweza kupotelea njiani. Mwenye parseli anajenga kwanza annexe ndogo nyuma, anahama nyumba ya kupanga, na ile feza ya kodi inageuka matofali ya nyumba kubwa. Inaweza kuchukua miaka kumi. Wageni wanaona kuta bila dari na wanadhani ni kazi iliyotupwa. Kumbe ni akiba ya jamaa, imewekwa fasi ya wazi.

5. Kinachokosekana

Basi mikono iko, na vifaa vinapatikana kidogo kidogo. Kinachokosekana ni lile jambo la kwanza: fasi iliyoonyeshwa na kukubaliwa na wote. Parseli moja inauzwa kwa watu wawili. Uwanja uliowekwa kwa masomo unakatwa na kuuzwa. Nyumba inajengwa njiani mwa maji ya mvua. Bomba la maji na nguzo za umeme zikifika, hazina pa kupita, na nyumba ya miaka kumi inabomolewa kwa siku moja.

Tena kuna karatasi. Anayeshika certificat d'enregistrement amelindwa na sheria. Lakini wengi wanashika karatasi ya kununulia tu, yenye jina la mume peke yake. Mume akifa, ndugu zake wanafika na kudai nyumba kwa jina la desturi. Tunawauliza: desturi gani? Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 inaweka watoto mbele katika uriti, na inampa mjane haki ya kubaki katika nyumba aliyokaa na mume wake. Na desturi ya kujenga inajua wazi nani alibeba maji ya matofali yale, nani alipika chakula cha mafundi, nani alitoa zamu yake ya likelemba kwa kununua manjanja.

Kwa hiyo tunatoa shauri tatu. Kwanza, wanaonunua parseli katika avenue moja mpya wakutane mbele ya kupanga tofali la kwanza, waite mpimaji wa Serikali pamoja, na waache njia, mfereji na uwanja wa watoto. Kumlipa mpimaji kwa pamoja ni rahisi kupita kila mtu kwenda peke yake. Pili, tuanzishe likelemba ya karatasi: kila zamu imalizie hati ya parseli moja, mpaka avenue nzima imalizike. Tatu, mbele ya karatasi ile kutiwa sahihi, majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili.

Serikali isijisamehe pia. Kupima udongo mbele ya watu kuingia ni kazi yake, na hakuna likelemba inayoweza kuifanya kwa mji mzima. Lakini tusingoje tukiwa tumekunja mikono. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu walijengeana kuta kwa mikono mingi. Sasa tufanye vilevile kwa mipaka na karatasi, ili mtoto atakayezaliwa katika nyumba ile asije akafukuzwa humo.