Timbo la Dandora lililozikwa kwa taka, na korongo waliolirithi

Mtoto wa Eastlands, jijini Nairobi, humjua korongo mfuko-shingo kabla hajamwona twiga. Ndege huyo mwenye upara, urefu wa karibu mita moja na nusu na mfuko wa ngozi unaoning'inia kooni, hushinda akipekua uchafu katika jaa la Dandora bega kwa bega na nguruwe na watu wanaookota vyuma na plastiki. Wasilolijua wengi ni kwamba chini ya milima hiyo ya taka kuna shimo. Jaa hilo lilianzia katika timbo la mawe lililoachwa.

Nairobi imejengwa kwa mawe yake yenyewe. Ardhi ya mashariki mwa jiji imelala juu ya miamba iliyotokana na volkano, na kwa miaka mingi vijana wa Njiru, Kayole na Mwiki wamejipatia riziki kwa nyundo na patasi wakichonga matofali ya mawe yanayoinua nyumba za kupanga. Jiwe likiisha, mchimbaji huhamia kwingine. Shimo hubaki. Mvua hulijaza maji, vyura na yangeyange wakapata makao, na mara kwa mara mtoto aliyekwenda kuogelea asirudi nyumbani.

Katikati ya miaka ya sabini, mtaa wa Dandora ulipokuwa ukijengwa kwa mradi wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, baraza la jiji lilianza kumwaga taka katika timbo hilo. Kwa mtazamo wa wakati ule, hesabu ilikuwa nyepesi: taka zingepata mahali, nalo shimo lingezibwa. Jaa hilo la takriban ekari 30 lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori hayakukoma kuja.

Hapo ndipo lilipo kosa, nalo ni la kitaalamu kabla ya kuwa la kisiasa. Kujaza shimo si kufufua ardhi. Anayefufua timbo hutenga udongo wa juu kabla ya kuchimba ili aurudishe baadaye, huteremsha kuta zisiporomoke, hutafuta njia ya maji, kisha hupanda mimea inayoweza kuvumilia mwamba mtupu. Jaa lililopangwa vyema nalo hutandikwa tabaka la kuzuia maji machafu yasipenye chini. Dandora haikupata hata kimoja kati ya hivyo, na Mto Nairobi unapita kando yake.

Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, katika jiji lilo hilo, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa umri wa kati ya miaka 2 na 18 kutoka maeneo yanayozunguka jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu yaliyofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichotumiwa wakati huo kuashiria hatari. Udongo pia ulipatikana na metali nzito.

Wingi wa ndege, basi, usimdanganye mtu. Korongo mfuko-shingo, mwewe na kunguru ni viumbe wasiochagua chakula. Kwa asili korongo huyo hula mizoga, na pia samaki na vyura katika vidimbwi vinavyokauka. Jijini amepata karamu isiyo na msimu, halafu jioni hurudi kulala katika migunga ya barabarani, kama ile iliyo karibu na Uwanja wa Kitaifa wa Nyayo. Kustawi kwake ni ushahidi wa taka nyingi tu.

Kwamba timbo laweza kufufuliwa kweli, Kenya ilikwisha kulithibitisha Pwani. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954 na kuacha uwanda mweupe wa mawe ya matumbawe usioota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti 26 ya aina mbalimbali. Mitatu pekee ndiyo iliyohimili, ukiwamo mvinje. Majani ya mvinje hayaozi upesi, kwa hiyo wakaletwa jongoo, ambao waliyatafuna na kuyageuza mbolea. Udongo ukazaliwa, kidogo kidogo. Baadaye wakaja pofu, choroa na twiga. Huko ndiko kiboko Owen, aliyeokolewa baharini Desemba 2004, alikofanya urafiki na kobe Mzee.

Bamburi, bila shaka, ilikuwa mali ya kampuni moja yenye fedha na muda, na shimo lake halikuwa na taka. Timbo nyingi za Eastlands ni za wenye mashamba wadogo. Hata hivyo sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini kabla ya mradi wa uchimbaji, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni arejeshe ardhi katika hali nzuri na aweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Dhamana ndiyo yenye meno, maana mchimbaji akitoweka pesa hubaki.

Penye nia, hata wasio na leseni wala dhamana wamefanya jambo. Huko Korogocho, ng'ambo ya mto kutoka jaani, kundi la vijana la Komb Green liliondoa taka ukingoni na kupanda miti na nyasi mahali ambapo watu waliogopa kupita.

Jaa lenyewe ni mzigo mzito zaidi. Mnamo Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ulipita na taka zikaendelea kumwagwa. Kulifunga kunahitaji tabaka nene la udongo, mabomba ya kutolea gesi inayozalishwa na uozo, na nyasi zenye mizizi mifupi kabla ya mti wowote. Kunahitaji pia riziki nyingine kwa maelfu ya waokotaji.

Ndege nao wana neno. Baraza la jiji lilipopanga kuhamishia jaa Ruai, wasimamizi wa viwanja vya ndege walipinga: korongo na mwewe wangefuata taka, nao wangezihatarisha ndege zinazotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Mpango ukakwama, na korongo wakabaki Dandora.