Kabla ya Kuanguka: Hoja ya Msaada wa Mapema kwa Mgonjwa wa MS Aishiye Nyumbani

Mtu anapougua multipo sklerosisi, ambayo wengi huifupisha MS, swali la kwanza analokutana nalo katika ofisi za ustawi wa jamii ni kama bado anaweza kutembea, kuoga, kupika na kuvaa peke yake. Akijibu kwamba anaweza, faili lake huwekwa kando hadi siku atakapoanguka. Makala haya yanadai kwamba swali hilo limekosewa tangu msingi. Mgonjwa wa MS ataendelea kuishi nyumbani kwake au atahamishwa kutegemea mambo mawili: kiasi cha nguvu kinachombakia baada ya kuzifanya kazi hizo, na wakati msaada unapomfikia. Msaada unaosubiri mtu ashindwe kabisa humkuta tayari amepoteza kile ulichokusudiwa kukilinda. Nitaijenga hoja hii hasa kwa taratibu za Uingereza, nchi yenye wagonjwa zaidi ya 130,000 na sheria za matunzo zilizoandikwa kwa kina, kisha niipime katika Afrika Mashariki, ambako ofisi ni chache na jamaa ndio wauguzaji.

Ushahidi wa kwanza umo katika ugonjwa wenyewe. Daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kwa utaratibu mjini Paris mwaka 1868. Leo tunajua kwamba kinga ya mwili hushambulia mayelini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na kuacha makovu yanayochelewesha au kuukatisha ujumbe wa neva. Shirikisho la Kimataifa la MS lilikadiria mwaka 2020 kwamba dunia ina wagonjwa milioni 2.8, wanawake wakiwa angalau maradufu ya wanaume, na wastani wa umri wa kugunduliwa ukiwa miaka 32. Huu basi ni ugonjwa unaomkuta mtu akiwa na ajira, kodi ya nyumba na watoto wadogo, naye huishi nao kwa miongo kadhaa. Wagonjwa wapatao 85 katika kila 100 huanza na aina inayozuka na kutulia, ambapo mtu hupoteza uoni wa jicho moja au nguvu za mguu kwa wiki kadhaa, kisha akapata nafuu, kamili au nusu. Hata katika utulivu huo hubaki uchovu usioondoka kwa kulala, kibofu kisichotii, na akili inayochelewa kupanga mambo. Kipimo kinachotumika sana hospitalini, kile alichokitengeneza daktari John Kurtzke na kukipanua mwaka 1983, kina ngazi kuanzia 0 hadi 10, na katika ngazi zake za kati huamuliwa zaidi na umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea. Ngazi ya 6, kwa mfano, ni ya mtu anayehitaji mkongojo ili atembee mita 100 hivi. Kipimo hicho kina faida yake katika utafiti wa dawa, lakini anayekitumia kukadiria maisha ya nyumbani huona miguu tu. Uchovu wa saa nane mchana haumo ndani yake.

Bafu linaonyesha jambo hili kwa karibu kuliko chumba kingine chochote. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kwamba uoni wa baadhi ya wagonjwa hawa hufifia wanapofanya mazoezi yanayoipasha joto miili yao. Sababu yake sasa inafahamika: neva iliyopoteza ala yake hupitisha ujumbe kwa shida, na joto la mwili likipanda hata kidogo ujumbe huo hukatika. Kwa miaka mingi madaktari walimtumbukiza mtu anayeshukiwa kuwa na MS katika maji ya moto, waone kama dalili zitajitokeza, hadi mbinu bora zaidi zilipopatikana. Sasa mfikirie mgonjwa katika nyumba ya kawaida ya Uingereza, yenye sinki refu la kuogea ambalo lazima uinue mguu ili kuvuka ukingo wake. Anaingia akiwa na nguvu za kutosha. Baada ya dakika kumi katika maji ya moto miguu inalegea, na ukingo alioweza kuuvuka akiingia hauvukiki akitoka. Mkaguzi anayefika asubuhi na kumwomba aonyeshe jinsi anavyoingia bafuni atamwona akifaulu, naye ataandika kwamba anaweza kuoga bila msaada. Ameandika kweli, na papo hapo ameikosa hatari yenyewe. Sakafu tambarare yenye manyunyu ya maji ya uvuguvugu, kiti cha plastiki na kishikio kilichofungwa ukutani vingeiondoa kwa gharama isiyotisha, mradi viwekwe kabla mtu hajateleza.

Sheria ya Uingereza inaonyesha kwamba kanuni nzuri zaweza kuandikwa. Kanuni za mwaka 2015 za kuamua nani anastahili matunzo nchini England, zilizotungwa chini ya Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, zinasema kwamba mtu anayeweza kufanya jambo lakini kwa maumivu makubwa, kwa kuhatarisha usalama wake, au kwa kutumia muda mrefu mno, ahesabiwe kuwa hawezi. Zinaitaka pia halmashauri, pale mahitaji yanapopanda na kushuka, iangalie kipindi kirefu badala ya siku moja. Sheria mama inaipa halmashauri wajibu wa kuzuia na kuchelewesha mahitaji, na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000 hutolewa bila malipo. Hata hivyo taratibu nyingine huvuta upande wa pili. Katika posho ya ulemavu iliyoanzishwa mwaka 2013, kigezo cha kutembea kwa ngazi ya juu kiliteremshwa hadi mita 20, ilhali mwongozo wa posho iliyotangulia ulizungumzia mita 50. Na hali ya mwombaji, kwa kawaida, huhesabiwa iwapo inakuwepo katika zaidi ya nusu ya siku za kipindi kinachotazamwa. Ni kweli kwamba mwombaji anatakiwa aweze kutembea kwa usalama na kwa kurudia, lakini yule ambaye siku zake mbaya ni nne katika kila kumi anaweza kubaki nje. Kwa ukarabati mkubwa, ruzuku ya sheria ya mwaka 1996 hufikia pauni 30,000 nchini England. Halmashauri ina hadi miezi sita ya kuamua ombi, na baada ya kuidhinisha, kazi hutazamiwa kukamilika ndani ya miezi kumi na miwili. Hata kila mtu akitimiza wajibu wake, miezi 18 yaweza kupita kabla bafu halijatengenezwa. Katika ugonjwa unaoweza kuzuka upya ndani ya wiki moja, anayeomba siku anapoanza kuhitaji amekwisha kuchelewa.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wapenda kujitegemea. Husemwa kwamba ukimpa mtu kiti cha magurudumu au mhudumu mapema unamfunza uvivu, na kiungo kisichotumika hufa. Pingamizi hili lina kiini cha ukweli, kwani madaktari wa zamani waliowashauri wagonjwa wa MS wapumzike tu walikosea, na tafiti za miongo ya karibuni zimeonyesha kuwa mazoezi yaliyopangwa huongeza nguvu na kupunguza uchovu. Lakini mazoezi yaliyopangwa na fiziotherapia hayafanani na kupigana na vifungo vya shati kwa dakika arobaini kila asubuhi. Akisaidiwa kuoga na kuvaa, mgonjwa anaweza kuzipeleka nguvu hizo kazini, kwenye mazoezi yenyewe, au mezani na wanawe. Anayelazimishwa kufanya kila kitu mwenyewe humaliza siku yake saa tatu asubuhi, akiwa safi na amevaa vizuri na hana alichobakiwa nacho. Watu wenye ulemavu wa Berkeley, Marekani, waliofungua kituo chao cha maisha huru mwaka 1972, walilielewa hili mapema: kujitegemea ni kuwa na amri juu ya siku yako, hata kama mikono inayofanya kazi ni ya mwingine. Ndiyo maana Sweden iliweka kisheria, kuanzia mwaka 1994, haki ya kuwa na msaidizi binafsi, na sheria nyingine ya Uingereza ya mwaka 1996 ikaruhusu halmashauri kumpa mhitaji fedha taslimu aajiri mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la mhasibu: nani atalipa? Jibu la haraka, kwamba kumtunza mtu nyumbani ni rahisi daima, si la kweli. Anayehitaji watu wawili wa kumgeuza kitandani na mmoja wa kukesha naye usiku huweza kugharimu zaidi nyumbani kuliko katika makao ya matunzo. Hesabu ya hoja hii, hata hivyo, haiko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Iko kwenye miaka mingi inayoitangulia, ambamo kinachomtoa mgonjwa nyumbani mara nyingi ni tukio linaloepukika: nyonga iliyovunjika chooni, maambukizi ya mkojo yaliyochelewa kutibiwa hadi yakaleta homa na kulegeza mwili wote, kidonda cha mgandamizo kilichoanza kwa godoro lisilofaa. Kila moja humlaza hospitalini, na kila kulazwa humrudisha akiwa dhaifu kuliko alivyotoka. Ukiongeza mshahara wa mwenzi anayeacha kazi ili amuuguze, kishikio cha ukutani hakina ushindani. Na pale hesabu inapokataa kweli, haki inabaki. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu kinampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la Afrika Mashariki: sisi hatuna makao ya matunzo ya kuwapeleka wagonjwa wetu, tunao ndugu, basi tatizo hili ni la Wazungu. Ni kweli kwamba MS hugunduliwa zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, lakini wagonjwa wapo hapa, na yale yanayowaumiza wa London huku huongezeka makali. Joto la Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari halimngoji mtu aingie katika maji ya moto. Choo cha kuchuchumaa huhitaji mapaja imara, kizingiti cha bafu humkwaza anayeburuta mguu, na ghorofa isiyo na lifti humfungia mtu ndani kwa miezi. Ama ndugu, wapo, na heshima yao ni kubwa. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanaousifu utunzaji wa kifamilia mara nyingi si wao wanaoinua. Anayeinua ni mke, binti au dada aliyeachishwa shule au biashara, na mgongo wake ukiteguka nyumba inabaki na wagonjwa wawili. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote. Kiasi ni kidogo, lakini kanuni yake ni sahihi, maana inakubali kwamba kuuguza ni kazi. Kasoro yake ni ileile ya Uingereza, kwamba humngoja mtu afikie ulemavu mkubwa kwanza.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, la moyo. Kumletea mtu wa miaka 35 kiti cha bafuni wakati bado anatembea ni kama kumtangazia mwisho wake, tena huenda asifike huko kamwe, kwa kuwa dawa zilizoanza kupatikana mwaka 1993 hupunguza milipuko, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati yake katika orodha ya dawa muhimu. Jibu langu ni kwamba kuwahi hakumaanishi kulazimisha. Mgonjwa aelezwe yanayoweza kutokea, achague mwenyewe, na mabadiliko yafungamanishwe na kazi ambazo nyumba inazihitaji hata hivyo: bafu likikarabatiwa, sakafu iwe tambarare, mlango ukibadilishwa, uwe mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, familia ikihama, ihamie ghorofa ya chini. Asipozidiwa, hakuna alichopoteza. Dawa nazo haziifuti hoja hii. Huchelewesha ulemavu zaidi kuliko kurudisha kilichokwisha kupotea, na mtu anayeishi miaka mingi zaidi na MS huhitaji nyumba inayomfaa kwa miaka mingi zaidi.

Kwa hiyo mtaalamu wa tiba kazi, afisa ustawi wa jamii na daktari wa neva wabadili maswali yao. Wamuulize mgonjwa siku yake mbaya ikoje, hubakiwa na nini baada ya kuoga na kuvaa, na nani atamwinua anayemuuguza akichoka. Wayaandike majibu hayo katika faili, na wayatolee uamuzi mtu angali anasimama. Kishikio cha bafuni kinachowekwa baada ya nyonga kuvunjika kimewekwa kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi.