Nani Alisema Hatutaelewa?

Arobaini ya babu hapa Mwankoko ilirekodiwa kwa simu tano. Ndugu walipotawanyika, kila mmoja akaondoka na vipande vyake. Nikavikusanya, nikakesha navyo mpaka vikawa video moja. Kwenye kipande kimoja mbuzi anachinjwa. Kinachofuata, watu wanakula. Bibi hajawahi kukaa darasani. Alitazama kimya, kisha akaniuliza: "Sasa we mjukuu, aliyeipika hiyo nyama mbona humo?"

Swali hilo lingewatoa jasho wakubwa fulani wa zamani.

Mwaka 1935, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi wa sinema za kuwafundisha Waafrika, Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za Carnegie ya Marekani. Mkuu wa shughuli za upigaji picha alikuwa Meja L. A. Notcutt. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka kwenye santuri pembeni.

Kuunganisha picha enzi hizo ilikuwa kazi ya mikono hasa. Futi moja ya filamu ya milimita 16 ina picha 40, hazifiki hata sekunde mbili. Unakata, unakwangua ncha, unatia gundi, unabana, unangoja. Ukikosea, unabandua uanze tena.

Lakini gundi siyo iliyoniuma. Mwaka 1939 London iliunda Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, aliyewahi kuonyesha sinema za afya Nigeria. Huyu bwana alishikilia kwamba Mwafrika akirushwa ghafla kutoka picha moja hadi nyingine atapotea. Kwa hiyo picha ziwe ndefu, ziende polepole, mtu akitoka shambani kwenda nyumbani aonyeshwe njia nzima! Eti tusichanganyikiwe.

Jamani, jumba la Royal Theatre lilifunguliwa Zanzibar mwaka 1921. Watu walikuwa wameshazoea sinema zilizokatwa na kuungwa miaka mingi kabla Sellers hajatuandikia dozi. Na miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu.

Ikaja video. Deki mbili, waya katikati. Hii inacheza, ile inarekodi, kidole kiko kwenye kitufe cha kusimamisha. Kila nakala ilififia kuliko mama yake. Kanda za harusi ngapi ziliungwa hivyo, na nani alilalamika kwamba hakuona bibi harusi akipanda gari?

Bibi alilijaza pengo mwenyewe. Alijua nyama ilipikwa, na alijua nani aliipika. Alichodai ni haki ya mpishi, basi.

Nilikuta kipande kwenye simu ya binamu: sekunde kumi, moshi mtupu, shangazi anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikakiweka baada ya mbuzi.