Mhanga, mwathirika au manusura?

Mwanamke anayedhulumiwa na mumewe hupewa majina mengi, na kila jina lina hukumu yake.

Mhanga

Asili ya neno hili ni kafara, ndiyo maana husemwa mtu "amejitoa mhanga". Linabeba uzito wa dhuluma, lakini humwonyesha mwanamke kama kiumbe aliyekwisha kutolewa, asiye na la kufanya.

Mwathirika

Hutokana na athari. Ni neno la upole zaidi, na hutumika pia kwa mafuriko na ukame. Udhaifu wake upo hapo hapo: mafuriko hayana mtu wa kushtakiwa, kipigo kina mwenyewe.

Manusura

Ni aliyenusurika. Watetezi wengi wa haki za wanawake hulipendelea kwa kuwa linamrejeshea heshima na uwezo wa kuamua. Hata hivyo, halimfai kila mmoja. Yupo ambaye bado analala nyumba moja na anayempiga, na yupo aliyeuawa.

Maneno yanayoficha

"Ugomvi wa kifamilia" huwagawia lawama watu wawili sawasawa. "Kumtia mke adabu" humgeuza mtu mzima kuwa mtoto, na mpigaji kuwa mlezi. "Wivu wa mapenzi", maneno yaliyozoeleka katika habari za mauaji, hutoa udhuru kabla ya mahakama kusikiliza kesi. Hata "mwanamke apigwa" humwacha mtenda nje ya sentensi.

Sheria zasemaje

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria za Uganda ya mwaka 2010 na Kenya ya mwaka 2015 zinahesabu pia mateso ya kisaikolojia na ya kiuchumi kuwa ukatili wa nyumbani.

Kwa hiyo, kumwita "mwanamke anayepigwa" hakutoshi. Asiye na kovu, lakini anayetishwa kila siku na kunyimwa fedha za matumizi, naye anadhulumiwa kisheria.

Lipi litumike?

Njia salama ni kutaja kitendo na aliyekitenda: "mume alimvunja mkewe mkono". Kama mwanamke yu hai na anaweza kusema, na aulizwe mwenyewe apendavyo kuitwa.